Mabua Hukopa Kabla ya Kulipa

Aingiaye soko la Muthurwa, mjini Nairobi, katika miezi ya mahindi mabichi hana haja ya kuuliza wauzaji wake wako wapi; na afuate maganda tu. Yamelala chini ya meza, hukanyagwa na wapitao, husukumwa kando kwa fagio, na mwisho huzolewa pamoja na takataka nyingine za mji. Mnunuzi huona uchafu. Mkulima angefaa kuona jambo jingine, kwa maana kilichomo katika maganda hayo na katika punje zake kilitoka katika udongo wa shamba fulani, na hakitarudi huko.

Hesabu yake si ngumu. Gunia la mahindi makavu la kilo 90 lina nitrojeni ipatayo kilo 1.4. Nitrojeni ndicho chakula kiyapacho majani rangi ya kijani na kuyawezesha kukua; mahindi huihitaji kwa wingi kuliko karibu kila chakula kingine kitokacho udongoni. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya CAN, iliyo na nitrojeni sehemu 26 katika kila mia, una kilo 13 za nitrojeni. Kwa hiyo kila magunia kumi yapakiwayo kwenye gari kuja mjini huondoka shambani na nitrojeni ya mfuko mzima wa CAN, tena na ziada kidogo. Mwenye shamba husema ameuza mahindi. Ni kweli, walakini ameuza na mbolea pia, na bei ya mbolea hiyo hakuidai.

Yabakiayo nyumbani ni mabua. Ekari iliyotoa magunia 20 imetoa punje kilo 1,800, na kwa kawaida mabua na majani yake makavu huwa na uzito unaokaribia huo huo. Ndani yake mna nitrojeni kilo 12 hivi, yaani mfuko mwingine wa CAN umelala shambani bila ya kulipiwa nauli. Zaidi ya hayo, sehemu kubwa ya potashi ambayo mhindi uliivuta kutoka ardhini hukaa katika bua wala si katika punje. Mtu ayatiaye moto apate shamba safi huipeleka nitrojeni hiyo angani pamoja na moshi. Jivu libakialo lina potashi na fosfeti, lakini upepo wa Februari hauna huruma na jivu.

Asomaye hesabu hii huenda akafunga gazeti na kusema, "Basi, mabua yote na yafukiwe." Hapo ndipo watu wengi waangaliao sana mambo ya ukulima huharibikiwa, na huharibikiwa kwa sababu walifuata nusu ya shauri.

Bua kavu lina kaboni nyingi na nitrojeni chache: kama sehemu 60 za kaboni kwa sehemu moja ya nitrojeni. Vijidudu vya udongoni viozeshavyo mabua havifanyi kazi bila ya kula, na chakula chao hakina budi kuwa na nitrojeni zaidi ya hiyo, kama sehemu moja kwa kila sehemu 25 za kaboni. Visipoipata ndani ya bua huitafuta ardhini kando yake. Mkulima akitifua mabua mengi makavu ndani ya udongo uliolowa, vijidudu huzaliana kwa maelfu ya maelfu, navyo hunyakua nitrojeni yote iliyo karibu kabla mizizi michanga ya mahindi haijaifikia. Hali hiyo hudumu majuma kadhaa. Baadaye, kaboni ikipungua, vijidudu hufa na nitrojeni hurudi udongoni kidogo kidogo. Bua, basi, hukopa kwanza, ndipo lilipe; na msimu wa kukopa ukiwa ndio msimu wa mche kutafuta chakula, mche ndio utakaolala njaa.

Sababu ya kulizungumza jambo hili kwa kutaja Muthurwa ni kwamba huko ndiko desturi moja ya ukulima wa Kenya ilikopata mizizi. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mtaa wa Muthurwa ukawa wa wafanyakazi wake, waliokaa katika landhi, vyumba vya safu safu, na mioyo yao ikiwa nyumbani. Mshahara ulipokewa Nairobi. Shamba lilikuwa Machakos, Fort Hall, Maragoli au Nyanza. Fort Hall imekuwa Murang'a, na barua yenye hundi ya posta imekuwa fedha zitumwazo kwa simu, lakini mpango wenyewe haukugeuka. Mashamba mengi yana wakulima wawili: mmoja ameshika jembe, mwingine ameshika mshahara. Wa jembe hufuata mvua, na wa mshahara hufuata mwisho wa mwezi.

Tuchukue mfano wa karani afanyaye kazi si mbali na Muthurwa, ambaye mama yake hulima ekari mbili huko Kangundo. Karani huyu amesoma kwamba kuchoma mabua ni vibaya, naye ameagiza yafukiwe. Mwezi wa Machi mvua ikaanguka mapema. Usiku akampigia mama simu.

"Mama, shikamoo. Msipande bado. Mshahara ukitoka nitatuma pesa za mbolea."

"Marahaba, mwanangu. Mvua haijui tarehe ya mshahara. Majirani wamekwisha panda."

"Siku tisa tu, Mama. Na yale mabua?"

"Tuliyafukia juzi, kama ulivyosema."

"Vema sana."

Haikuwa vema. Pesa zilifika, mahindi yakapandwa siku ya kumi na moja, na majuma matatu baadaye shamba lilikuwa la manjano huku la jirani likiwa la kijani. Karani akalaumu mbegu. Mama akalaumu mbolea. Jirani, ambaye hakununua hata kilo moja ya mbolea, hakulaumu mtu. Mfano huu ni wa kutungwa, lakini wako wasomaji watakaojiona ndani yake.

Mambo mawili yaliungana kumdhuru karani huyu, na la kwanza lilichunguzwa zamani karibu sana na Nairobi. Mwaka 1958 mtaalamu H. F. Birch, wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki lililokuwa Muguga, alitangaza uchunguzi wake juu ya udongo ukaukao kisha ukalowa. Aliona kwamba udongo uliokaushwa na jua, unyeshewapo mara ya kwanza, huamka kwa nguvu: mboji iliyomo huoza kwa kasi na nitrojeni nyingi hufunguliwa kwa siku chache. Wataalamu wa udongo ulimwenguni huliita jambo hilo kwa jina la Birch hata leo. Nitrojeni hiyo haikai ikingoja. Mvua zifuatazo huiteremsha chini, mbali na mizizi. Mwenye kupanda mapema huikuta. Mwenye kuchelewa siku kumi na moja hukuta mabaki. Wazee wa Ukambani wapandao mbegu katika vumbi, kabla ya tone la kwanza, hawakusoma kitabu cha Birch, lakini mahindi yao yako tayari chakula kinapotengwa.

La pili ni mabua. Yalifukiwa yakiwa makavu, katika udongo mkavu, siku chache kabla ya mvua. Katika vumbi hakuna kinachooza. Mvua ilipokuja iliyaamsha mambo yote kwa wakati mmoja: mboji ikafungua nitrojeni, vijidudu vya mabua vikainyakua, mvua ikaondoa iliyosalia, na mahindi yakaota katika nyumba ambayo chakula kimekwisha liwa.

Shauri la kufukia mabua, kwa hiyo, lafaa litolewe pamoja na jina la mahali. Trans Nzoia na Uasin Gishu hupanda mahindi mara moja kwa mwaka. Mavuno huwa Oktoba, Novemba na hata Desemba, na upanzi huwa Machi na Aprili. Huko mwenye trekta au ng'ombe wa kulima akikatakata mabua na kuyafukia mara tu baada ya kuvuna, udongo ukiwa bado una unyevu, yana miezi mitatu au minne ya kuoza. Deni limekwisha lipwa kwa sehemu kubwa kabla ya mbegu kuingia ardhini. Lakini Machakos, Kitui, Murang'a na Kiambu zina mvua mbili. Mahindi ya vuli huvunwa Januari na Februari, na masika huanza Machi. Kati yake kuna majuma machache tu, tena ya jua kali. Anayefukia mabua makavu katika majuma hayo hajampa mche chakula, amemwalikia mshindani.

Afanye nini basi mkulima wa mvua mbili? Akiwa na ng'ombe, njia bora ni kuyapitisha mabua katika tumbo la ng'ombe. Akatekate kwa panga au kwa mashine, ayachanganye na majani ya maharagwe au ya viazi vitamu, kwa sababu bua peke yake ni chakula duni kwa ng'ombe wa maziwa, na yale magumu yanayosazwa ayatandike chini ya mnyama. Jambo hili la matandiko hudharauliwa sana. Nusu ya nitrojeni itokayo kwa ng'ombe, au hata zaidi, imo katika mkojo, na zizi lisilo na matandiko huupoteza wote. Mabua makavu huunyonya. Hapo deni la bua hulipwa zizini na si shambani.

Samadi yenyewe yataka kutunzwa kama maziwa. Ikiachwa uwanjani bila kifuniko, jua huifukuza nitrojeni kwa mvuke na mvua huiosha ikaenda mtoni. Irundikwe kivulini, ifunikwe kwa majani ya migomba au kwa karatasi ya nailoni, na ipelekwe shambani karibu na kupanda. Samadi iliyopauka na kuwa nyepesi kama kumvi imekwisha toa kilicho bora.

Asiye na ng'ombe ana njia ya shimo au rundo la mboji: tabaka la mabua yaliyokatwa urefu wa kiganja, tabaka la majani mabichi, samadi kidogo ya mbuzi au kuku, udongo kidogo, maji, kisha tabaka jingine. Majani mabichi ndiyo yaletayo nitrojeni. Huko Magharibi mwa Kenya tithonia, mmea wa maua ya manjano uliojaa kando ya barabara na mipakani, ina majani yenye nitrojeni nyingi, zaidi ya sehemu tatu katika kila mia yakiwa makavu. Rundo likimwagiwa maji na kugeuzwa, laweza kuwa tayari kwa miezi miwili au mitatu. Kazi yake ni nzito, na yafaa kusema wazi kwamba mtu mmoja hawezi kutosheleza ekari mbili kwa rundo moja. Na alitie katika mashimo ya kupandia, asilitawanye.

Njia ya tatu ni uvivu wenye akili. Mabua yalazwe juu ya ardhi katikati ya mistari, yasifukiwe. Yakikaa juu hugusa udongo kwa upande mmoja tu, huoza polepole na hukopa kidogo. Na huku yakizuia jua lisinyonye maji na mvua isichukue udongo. Kwa nchi ya miteremko kama Kangundo faida hiyo si ndogo. Taabu yake ni mchwa, ambao huyamaliza, na ng'ombe wa jirani, ambao wana desturi ya kuhesabu shamba lililovunwa kuwa malisho ya wote. Katika jambo la pili Bwana Shamba hana dawa. Ni shauri la jirani na jirani.

Kuna ulazima mmoja ambao hauachi nafasi ya kuchagua. Mabua yasiachwe yamesimama hadi msimu ujao. Funza wa mahindi hujificha ndani yake wakati wa kiangazi na kutoka na mvua. Mabua yakikatwa na kulazwa juani majuma machache, wengi hufa. Na penye ule ugonjwa hatari wa virusi uuao mahindi, ambao uligunduliwa Bomet mwaka 2011, mkulima hushauriwa aondoe mabaki yenye ugonjwa na abadili zao, apande maharagwe, viazi au kitu kingine kisicho cha jamii ya nafaka.

Wako wasemao kwamba maneno haya yote ya mabua na samadi ni ya watu wa kale, na kwamba mwenye pesa hununua mbolea ya dukani akalala. Jibu lao liko Kabete. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha huko, mwaka 1976, vilianzishwa vipande vya shamba la mahindi na maharagwe ambavyo vimelimwa miaka mingi kwa njia zisizobadilika: kingine bila kitu, kingine kwa mbolea ya dukani, kingine kwa samadi, kingine kwa kurudishiwa mabua, na vingine kwa kuchanganya. Ilionekana kwamba udongo ule mwekundu ulizidi kupungukiwa na mboji katika vipande vyote, hata vilivyopata mbolea ya dukani kila mwaka. Lakini vilivyopata samadi na mabua vilipungukiwa polepole zaidi. Mavuno bora yalitoka palipokutana mbolea na samadi. Mabua peke yake hayakumtajirisha mtu, na wala mbolea peke yake haikuulinda udongo.

Mbolea ya dukani, basi, ina kazi yake, na kazi hiyo ni ya tarehe. Wakati wa kupanda, mahindi yapewe mbolea yenye fosfeti pamoja na nitrojeni kidogo, kama DAP, ambayo mfuko wake wa kilo 50 una kilo 9 za nitrojeni. Ichanganywe na udongo wa shimo isiguse mbegu, isije ikaiunguza. Kilo hizo 9 ndizo zitakazomsaidia mche ikiwa mabua yamefukiwa kwa kuchelewa. Nitrojeni iliyo kubwa isubiri mahindi yafike magotini, kama mwezi mmoja au zaidi kidogo baada ya kuota, magugu yakiwa yamepaliliwa na udongo ukiwa na unyevu. Kumwaga CAN katika shamba lenye magugu ni kuyalisha magugu. Atumiaye urea, yenye nitrojeni 46 katika mia, aifunike kwa udongo, kwa kuwa ikiachwa juu sehemu yake huruka. Na palipo na mvua nyingi ni heri kugawa mara mbili kuliko kutia yote siku moja.

Hapo karani wa mfano wetu apate faraja: pesa ambayo lazima ifike kabla ya mvua ni ile ya mbegu na ya mfuko wa kupandia, na hiyo yafaa itengwe Januari, au hata kutoka mshahara wa Desemba kabla ya sikukuu kuumaliza. Pesa ya CAN yaweza kungoja mshahara wa Aprili bila ya hasara. Wengi hufanya kinyume: hununua mifuko yote kwa pamoja, wakichelewesha upanzi kwa kungoja fedha zikamilike. Mvua ikiwa imeanguka na pesa hazipo, mama apande. Mbolea ya kukuzia itamkuta mbele.

Bei nayo imewafunza watu hesabu. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000 madukani. Serikali ikaleta mbolea ya ruzuku kwa shilingi 3,500, na mwezi wa Agosti 2023 ikatangaza shilingi 2,500. Kisha mwaka 2024 ikaonekana kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kwa wakulima chini ya mpango huo haikuwa mbolea ifaayo, na mkulima aliyekwisha ipanda hakuweza kuirudisha dukani. Mnunuzi aangalie mshono wa mfuko, aweke risiti, na abakize kiasi cha kikombe katika chombo kikavu mpaka aone majani.

Majani husema wazi kwa mwenye kuyasoma. Mahindi yenye njaa ya nitrojeni huanza kuwa manjano katika majani ya chini, kutoka ncha kuelekea shina kwa kufuata mshipa wa kati, kama ulimi wa moto. Yakiwa manjano au kukauka kingoni, kati kukiwa kijani, pengine ni potashi. Yakigeuka rangi ya zambarau yakiwa machanga, mara nyingi ni fosfeti. Na udongo uliopewa DAP miaka mingi bila kitu kingine huweza kuwa mchungu, kama ilivyoonekana katika sehemu nyingi za Magharibi na za Bonde la Ufa. Huko nitrojeni ya bei yoyote haitafanya kazi yake mpaka chokaa itiwe kwanza.

Kulijua hilo kwa hakika kwataka udongo upimwe, na Kabete hupima. Udongo uchukuliwe baada ya kuvuna, kabla ya samadi au mbolea yoyote kutiwa, kwa jembe safi, kina cha sentimita 20, mahali kumi au kumi na tano pa shamba moja, pasiwe palipokuwa zizi, kichuguu wala njia. Uchanganywe katika ndoo safi, na uchukuliwe kama nusu kilo tu, ukaushwe kivulini, utiwe katika mfuko safi ambao haukubeba mbolea, na uandikwe jina la mwenye shamba, mahali, na zao litakalopandwa. Mama wa Kangundo aweza kumkabidhi utingo asubuhi, na karani akaupokea stendi kabla ya saa za kazi.